Mizunguko Sabini na Mitano

Kenitra, 2 Februari 1993

Kwa Ami yangu mpenzi Bouazza,

Assalamu alaykum. Sisi huku wazima, ila mvua imetuchosha. Mto Sebou umepanda mpaka kwenye bustani za watu, na mama anasema ikiendelea hivi samaki watakuja kujiuza wenyewe mlangoni. Anakusalimu sana. Anauliza kama miguu bado inakuvimba, na kama huko Verviers mnapata mnanaa wa kweli au mnachemsha majani ya ng'ombe. Mimi bado nafundisha darasa la pili. Watoto ni arobaini na mmoja na wote wana mafua.

Baada ya salamu, Ami, nakuandikia bila baba kujua. Ule ukavu wa koo tuliodhani ni vumbi la stesheni si vumbi. Daktari wa Rabat amesema ni uvimbe mbaya, nao umekaa kwenye kongomeo. Mwezi wa Mei watalitoa lote. Ataishi, inshallah, lakini atapumua kwa tundu la shingoni na hatasema tena.

Baba alimsikiliza daktari mpaka mwisho, akavaa kofia yake, akasema, "Haya. Tutapunguza kelele nyumbani." Unamjua mdogo wako. Kelele gani? Miaka ishirini na mitano ameuza tiketi kwa sauti ya chini hata abiria huingiza kichwa dirishani kama wanataka kumbusu.

Nilinunua kinasa sauti cha kaseti. Nikamwomba anisomee Yasini, au anigombeze tu, chochote, ili tubaki na sauti yake. Akakisukuma pembeni. "Mimi na mashine hatuelewani, binti yangu. Mashine iliwahi kuniambia ukweli mara moja. Yatosha."

Ndipo nilipokumbuka picha iliyo chini ya kabati: vijana wanne na magitaa, wamesimama mbele ya viti vya kukodi, na ngoma kubwa imeandikwa "Makorongo". Baba alipata kuniambia ni vijana wa jirani. Juzi mama kanivuta jikoni, kasema yule wa katikati mwenye nywele za kuchanwa upande ndiye baba, kwamba aliimba, na walitoa santuri mwaka wa sitini na saba kabla yeye hajamjua. "Muulize ami yako," kasema. "Kampuni yenyewe alikuwa yeye."

Ami, unayo hiyo santuri? Sijawahi kumsikia baba yangu akiimba. Nina miaka ishirini na minne na nimebakiwa na miezi mitatu.

Mwanao,
Keltoum


Verviers, 9 Machi 1993

Binti yangu Keltoum, nuru ya macho yangu,

Wa alaykum salaam, na Ramadhani karim kwenu nyote. Barua yako ilifika upesi, mimi ndiye niliyechelewa. Huku theluji bado ipo. Jirani yangu Bi Josette, Mbelgiji mwenye moyo mweupe, huniletea keki za moto kila adhuhuri na kila adhuhuri humweleza kwamba nafunga, naye hujibu, "Hata kipande kidogo?" Nimezijaza dirishani kama duka. Supu ya harira naipika mwenyewe. Haifanani na ya mama yako, usimwambie. Miguu inavimba, lakini huvimba kwa zamu, wa kulia ukipoa wa kushoto ndio unaanza, kwa hiyo siku zote nina mguu mmoja wa kusimamia.

Habari za mdogo wangu Miloud zimenivunja. Nimelia kama mtoto, sikufichi. Natuma asali ya mlimani kwa mkono wa mtoto wa Haj Thami. Achanganye na habasoda asubuhi kabla ya kula chochote (baada ya mfungo, bila shaka). Na mwambie mama yako asimpe vitu vya baridi.

Kuhusu zile santuri, hayo ni mambo ya ujana. Nilikuwa nakodisha vyombo vya harusi, viti, magodoro, sinia, na ile ammariya ya kumbebea bibi harusi mabegani, na nilitaka kujiita mkurugenzi. Nilipiga muhuri nikajiita Santuri za Sebou. Tukatoa sahani moja ya santuri, basi. Zilikwisha zamani. Usimchokoze baba yako kwa mambo hayo, hasa sasa. Mgonjwa huhitaji utulivu.

Wasalimu wote, mmoja mmoja, na jirani zetu wa zamani walio hai.

Ami yako,
Bouazza

Nilitaka kuuliza. Ni kweli hajaimba kabisa? Hata akinyoa ndevu?


Kenitra, 30 Machi 1993

Ami Bouazza,

Idi mubarak. Tumeadhimisha vizuri. Mama alioka keki za lozi za kulisha kikosi, na baba alikula tatu, ingawa kumeza kunamuuma. Asali imefika na mtungi umepasuka kidogo, mtoto wa Haj Thami ameilamba njiani na hana haya ya kukiri. Korongo wamerudi juu ya mnara wa msikiti, wanagonga midomo yao alfajiri hata mwadhini analalamika.

Umeuliza kama haimbi hata akinyoa. Haimbi. Nilipokuwa mchanga aliyenibembeleza kwa nyimbo ni mama. Kwenye harusi watu wakianza kupiga makofi, yeye hutoka nje kuvuta hewa. Akisali peke yake husoma midomo ikicheza tu. Nilidhani baba wote wako hivyo mpaka nilipokwenda kwa shoga yangu nikamkuta babake anaimba huku akimenya viazi.

Sasa nisikilize. Mama anasema wewe huandika kurasa nne ukitaka kuficha neno moja, na ile barua yako ilikuwa na kurasa nne. Kwa hiyo nilikwenda mwenyewe kwenye soko la mitumba la Joutia, Jumapili tatu mfululizo. Jumapili ya tatu mzee mmoja muuza vipuri vya jiko alikuwa nayo, ameifunikia kopo la rangi. Santuri za Sebou, yenye picha ya birika la chai. Kwa nini birika, Ami? Hata hilo silijui.

Nilikwenda kuicheza kwa jirani mwenye gramafoni. Wimbo unaitwa "Usinifungie Mlango". Nilikaa chini nikashika magoti. Akatoka msichana! Msichana mwembamba wa sauti, anaimba mbio kama anayefukuzwa na mbwa. Jirani akadhani mwendo umekosewa, akasogeza swichi kutoka mizunguko arobaini na tano kwa dakika kwenda thelathini na tatu. Akatoka ng'ombe mgonjwa. Tukarudisha: msichana. Tukapeleka: ng'ombe.

Baba yangu yuko wapi kati ya hawa wawili? Wewe unajua, na nina hakika unajua, kwa sababu uliniuliza lile swali la kunyoa ndevu. Operesheni ni tarehe 10 Mei. Niambie kabla ya hapo, tafadhali. Nataka nimuulize angali anaweza kujibu.

Keltoum


Kenitra, 16 Mei 1993

Ami,

Salamu. Wameshamkata. Yuko hai, alhamdulillahi, na homa imeshuka. Mama analala kwenye kiti cha hospitali na amekwisha kugombana na wauguzi wawili, kwa hiyo naye mzima.

Barua yako haijafika. Sijui imepotea au haijaandikwa.

Utapenda kujua alisema nini mwisho. Nilingoja maneno makubwa, nikajitayarisha na leso. Walipokuwa wanamsukuma kitandani kwenda upasuaji aligeuka akasema, "Bomba la juu linavuja, mwite fundi." Ndiyo hayo. Fundi amekuja, bomba halivuji tena, nami kila nikilifungua nalia.

Sasa ana kibao cha shule na chaki, nilimpa changu. Juzi aliandika: "Bouazza ameandika?" Nikatikisa kichwa. Akafuta.

Keltoum


Verviers, 14 Aprili 1993

Binti yangu Keltoum,

Salamu nyingi. Nimeipata barua yako ya Idi. Hali ya hewa ni

2 Juni. Utaona wino umebadilika. Barua hii nimeianza Aprili na kuiacha kwenye neno "hewa", na hapo imelala mezani chini ya keki za Bi Josette wiki saba. Barua yako ya Mei imenifikia. Jana ilikuwa Idi kubwa, sikuchinja, sikwenda kwa mtu. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha muda mrefu.

Mashine ya kurekodia niliinunua kwa Mmarekani wa kambi yao ya jeshi hapo Kenitra aliyekuwa anarudi kwao. Niliichomeka kwenye umeme wetu, ikawaka, nikajiona mhandisi. Sikujua kwamba umeme wa kwao hupiga mapigo sitini kwa sekunde na wetu hamsini, na mota ya mashine ile hufuata mapigo. Huko kwetu ilikuwa inazunguka polepole. Lakini ikirekodi polepole na kucheza polepole, husikii kosa. Tulipanga magodoro ya harusi ukutani, vijana wakapiga, kisha tukakaa kusikiliza. Baba yako alikuwa na miaka kumi na tisa. Sauti yake ilikuwa nzito na laini, Keltoum. Nywele zilinisimama. Si msichana, si ng'ombe.

Mkanda nikaupeleka kiwandani Casablanca. Mashine yao ilikwenda mwendo wake wa halali, na kila kitu kikakimbia na kupanda juu. Sahani mia tatu zikarudi hivyo, na birika juu yake kwa sababu mpiga chapa wangu alizoea kuchapa pakiti za chai na picha nyingine hakuwa nayo. Wiki hiyo walialikwa kupiga kwenye harusi ya Sidi Slimane. Vijana wa huko walikuwa wameshaisikia sahani. Wakampigia baba yako vigelegele, wakamwita Lalla Miloud, Bibi Miloud, kisha wakaileta ammariya, ile ile niliyowakodishia mimi, wakaiweka mbele yake wakasema, "Panda, bibi harusi, tukubebe." Ukumbi mzima ulicheka. Hakuimba usiku ule wala usiku mwingine.

Alikuja dukani kwangu akaniuliza, "Kaka, ndivyo ninavyosikika?" Nikamjibu, "Ya kiwandani ni mashine ya kisasa. Yetu ilikuwa inakupendelea." Siku hiyo niliamini ninayoyasema. Naapa.

Wiki tatu baadaye fundi redio, Mhispania mmoja, alikuja kukodi viti. Akasoma kibati cha nyuma ya mashine, akacheka mpaka akakalia gunia. Akanieleza yote. Nilimwomba asimwambie mtu, nikakimbia nyumbani kwenda kumwambia Miloud. Nikamkuta amekaa anajaza fomu ya kazi ya reli, ametulia, gitaa ameshamwuzia mtu. Nikasema kesho. Kesho hiyo ndiyo leo.

Utauliza kwa nini. Baba yetu alikufa Miloud akiwa na miaka sita. Mimi nilimfundisha baiskeli, nilimpeleka kwa kinyozi, nilimwambia mvua hutoka wapi. Kila nililosema lilikuwa kweli kwake. Niliogopa aache kunitazama vile. Nikazunguka maduka ya Kenitra na Salé nikizinunua zile sahani moja moja zisisikike tena, nikaondoka nazo kuja huku. Zimo chini ya kitanda ninacholalia. Hiyo ya kwako ilinitoroka.

Nimefanya hesabu hii mara nyingi bila kuthubutu kuijaribu. Weka gramafoni kwenye thelathini na tatu. Chini ya ile sinia inayobeba sahani kuna kijiti cha mota. Kizungushie utepe wa gundi, tabaka kwa tabaka, kijiti kinenepe na sahani iongeze mwendo. Tia alama kwenye sahani, kisha hesabu kwa saa. Ikizunguka mara sabini na tano kwa dakika mbili, hapo ndipo alipo baba yako.

Umsomee au usimsomee, amua wewe. Mimi sina haki ya kuamua tena.

Bouazza


Kenitra, 4 Julai 1993

Ami Bouazza,

Salamu. Joto limeanza, matikiti yamefika, mama anasema bei yake ni ya wazimu na amenunua mawili. Baba ametoka hospitali, amekonda, lakini anapanda ngazi mwenyewe.

Nilisoma barua yako jikoni nimesimama. Kwanza nilikuchukia, nakwambia wazi. Halafu nikaenda kuazima gramafoni ya jirani.

Tulifanya kazi hiyo mimi na mama, baba akiwa msikitini. Nilibandika punje ya wali kwenye lile birika iwe alama. Mama alishika saa, akahesabu kwa sauti kama anayehesabu mayai. Tabaka la kwanza, mara sitini na tisa. Tukaongeza: sabini na mbili. Tukazidisha mpaka sabini na tisa, mama akasema kijiti nimekishonea koti zito mno, nikabandua. Sabini na tano kamili.

Nikaweka sindano.

Ami, sina maneno mazuri ya kuandika. Alikuwa baba yangu. Ile ile sauti ya kuniambia bomba linavuja, ila imefunguka, inajaza chumba, haimwogopi mtu. Mama alikaa chini na saa mkononi. Akasema, "Huyu mwanamume ni nani, na kwa nini sikuolewa naye?"

Kugeuka, baba yuko mlangoni, viatu mkononi. Hatukumsikia akipanda. Alisimama mpaka wimbo ukaisha na sindano ikawa inakwaruza tu. Akaja, akaitazama punje ya wali, akainua sindano, akairudisha mwanzo kwa mkono wake mwenyewe. Safari ya pili alishika shingo yake, juu ya kitambaa, pale palipokuwa na sauti. Mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikamkimbilia. Alikuwa anacheka. Kisha kweli akalia, na mama akamshika, na mimi nikawaacha.

Jioni nikamsomea barua yako yote, hata ile sehemu ya ammariya. Akachukua kofia akatoka. Siku tisa kibao hakikuandikwa kitu isipokuwa "chumvi", "hapana" na "funga dirisha". Lakini kila siku baada ya alasiri aliicheza mara moja, mlango wazi. Jirani wa chini amekuja kuuliza ni redio gani.

Leo ameomba karatasi. Amefunga bahasha mwenyewe na amenikataza kuisoma. Naiweka ndani ya hii. Sijaisoma, ingawa niliishika kwenye mwanga kidogo.

Keltoum


Kenitra, 4 Julai 1993

Kaka Bouazza,

Salamu kwako na kwa jirani yako wa keki. Mimi mzima. Mke wangu Zhor ananilisha supu kutwa mara tano. Korongo wa msikitini wamelea makinda watatu mwaka huu, mmoja bado anaogopa kuruka.

Barua yako nimesomewa. Siku tisa nimekutukana moyoni. Una bahati sina sauti.

Nimefikiria mambo mengi. Harusi nilizotoka nje, hizo nakusamehe, chakula kilikuwa kinanifuata hata uani. Kazi ya reli si mbaya, nimelea watu kwayo. Lakini kuna siku Keltoum alikuwa na miezi minne, mama yake ana homa, mtoto analia tangu asubuhi, nami nimembeba nikizunguka chumba hiki na wimbo uko hapa mdomoni, nikaubana kwa meno asije akaisikia sauti ile. Hiyo moja sijakusamehe. Najaribu.

Usinitumie asali tena. Usinitumie na zile sahani, zilete. Njoo Agosti pamoja na wenzako wa Ulaya wanaorudi likizo na mizigo juu ya magari. Nitakaa nawe chumbani, mlango tutaufunga, na utausikiliza wimbo mbele yangu tangu mwanzo hadi mwisho bila kunieleza chochote.

Halafu uniambie kama nilijua kuimba. Siku ile dukani uliisifu mashine tu.

Mdogo wako,
Miloud